Mtafiti Aliyekataa Kutaja Jina

Mkesha wa Pasaka, ndani ya soko kuu la Bahir Dar, mtu hatembei, husukumwa. Bezawit Alemu alikuwa akisukumwa kuelekea kwa wauza siagi, shela lake jeupe lenye pindo la kijani kichwani, gauni refu la pamba likifagia vumbi. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi katika wodi ya wanaume, miguu imemvimba kama maandazi, na hakuwa na haja nyingine duniani ila siagi kidogo, vitunguu, na beseni la maji ya moto.

Ghafla kitu chenye mbawa kikapenya katikati ya miguu ya watu, kikaona giza zuri, kikaingia chini ya gauni lake.

Bezawit hakupiga kelele. Muuguzi aliyezoea wodi ya wanaume hapigi kelele ovyo. Alisimama wima, akalibana gauni kwa mikono miwili, akangoja mwenye mali.

Mwenye mali akafika akihema: kijana mrefu, mwembamba, sweta la buluu, miwani imekaa upande, mkononi kipande cha kamba kisichofunga kitu.

"Dada yangu, samahani sana. Umemwona jogoo?"

"Sijamwona," alisema Bezawit. "Lakini ninaye."

"Yuko wapi?"

"Usiulize yuko wapi. Geuka utazame kanisa."

Kijana akageuka, akalitazama kanisa kwa unyenyekevu wote. Wauza vitunguu wakaangua kicheko. "Tuombee na sisi!" alipaza sauti mama mmoja. Bezawit akainama, akaingiza mkono, akamtoa jogoo mwekundu huku amembana mbawa, kama ambavyo humshika mtoto anayekataa sindano.

"Haya, geuka. Mshike hapa, si hapo. Hapa!"

Kijana akashika pale pale alipokatazwa. Jogoo akamdonoa kidole gumba, damu ikachuruzika. Bezawit alivuta pumzi, akamfunga jogoo miguu kwanza, kisha akatoa pamba na plasta mkobani akamfunga mwenye jogoo kidole.

"Kumbe wewe ni daktari?"

"Daktari angekuandikia dawa akaondoka zake. Mimi ni muuguzi."

"Nikishikwa na homa je, nimpigie nani?"

"Mpigie mama yako."

"Mama yuko Debre Markos, na ndiye aliyeniagiza jogoo. Akijua nimeshindwa na kuku, atasema sijafika umri wa kuoa."

Bezawit alikuwa hajacheka tangu alfajiri. Alicheka hadi shela likamteleza, na kabla hajalirudisha kichwani alikuwa ameshataja namba yake ya simu.

Siku ya Pasaka yenyewe, watu wakiwa bado wanalamba vidole, simu ikalia.

"Sista, ni mgonjwa wako wa sokoni. Getnet."

"Yupi? Nimeuguza wawili. Aliyefungwa miguu au aliyefungwa kidole?"

"Aliyefungwa miguu tumemla."

"Poleni. Alikuwa na akili kuliko mwenzake."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na yalipoanza hayakukaa chini kupumzika. Asubuhi Getnet alipiga kuuliza kama ameamka. Jioni alipiga kuuliza kama amefika. Wiki ya kwanza alimwita Sista, ya pili akamwita Bezaye, na ya tatu, ulimi ukiwa umepata dhamana, akamwita "tumbo langu", na ukiitwa hivyo katika mji ule, ujue umependwa hadi utumboni. Mulu, muuguzi mwenzake waliyepanga naye nyumba, alijifanya analala akisikiliza kila neno.

"Mwambie na mimi nina tumbo," Mulu alinong'ona kutoka chini ya blanketi, "lakini langu linataka chakula."

Walipokutana kunywa kahawa kwa mama mmoja mkabala na lango la hospitali, Getnet alikuja na koti lililopigwa pasi hadi likang'aa. Bezawit alivaa gauni la manjano na hereni za kuazima. Mama alimimina kahawa, akatia kitawi cha majani ya kunukia katika kila kikombe, akaweka bisi katikati yao, akasogea kando kidogo, si mbali sana asije akakosa maneno.

"Nina jambo la kukuambia," alianza Getnet. "Mimi nafundisha chuo kikuu, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwaka huu nafanya utafiti hapo hospitalini kwenu. Mazingira ya kazi ya wauguzi, ujuzi wao, na jinsi mgonjwa anavyohudumiwa."

Bezawit akakiweka kikombe chini. "Kumbe ulinileta hapa unihoji?"

"Wewe siwezi kukuhoji! Ukinijibu lolote nitaandika kuwa ni jibu zuri. Wodi yenu nimempa mwenzangu. Mimi nawahoji wakuu wa wodi na wauguzi wa sehemu nyingine. Nilitaka tu ujue mapema, usije ukanikuta kwenye korido ukadhani nakufuata."

"Na kunifuata hunifuati?"

"Nakufuata, lakini kwa muda wangu mwenyewe."

Mama wa kahawa alikohoa kwa furaha.

Tangu siku hiyo Bezawit alikuwa akirudi kutoka zamu, anatumbukiza miguu kwenye beseni, anammwagia mpenzi wake kwenye simu yote yaliyomkaa rohoni. Alimweleza jinsi wauguzi wachache wanavyokimbizana na wodi nzima, dripu ya huyu inakwisha, yule anataka kugeuzwa, wa dirishani anataka kuongea tu maana hana mtu wa kumtembelea. Alimweleza kuhusu glavu. Glavu zilikuwapo bohari, lakini mtunza bohari alizifungia, na ukienda kumwomba alikutazama juu chini akauliza, "Za jana umezifanya nini?"

"Za jana umezifanya nini!" Bezawit aliiga sauti ya mzee huyo puani. "Mimi ningemjibu, nimezishonea pazia!"

Getnet alicheka, kisha akauliza, "Haya unaniambia mimi, au mtafiti?"

"Nakuambia wewe. Mtafiti akalale."

"Amelala. Anakoroma."

Miezi ikapita. Siku ya kusoma matokeo ikafika, na wauguzi wote wasio na zamu wakaitwa ukumbini. Mkurugenzi wa hospitali alikaa mbele, tai nyekundu shingoni, mikono kifuani. Pembeni yake alikaa Sista Yeshimebet, mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mnene mwenye kofia iliyotiwa wanga ikasimama kama mnara. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mulu aliapa kwamba hana meno. Angekuwa nayo yangeonekana.

Getnet alisimama katika koti lake la pasi. Alisema kwamba wauguzi wa hospitali hiyo wanaijua kazi yao vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa anapokosa huduma, mara nyingi mikono ndiyo haitoshi, au inatosha ila haina vifaa. Bezawit, akiwa mstari wa nyuma, alijivuna kana kwamba amemzaa yeye.

"Na sasa niwasomee maneno ya muuguzi mmoja," alisema Getnet, "kama alivyoyasema mwenyewe. Jina lake halitatajwa." Akasoma: "'Glavu zipo, lakini mwenye funguo anazilinda kama bikira wa kuozwa. Ukimwomba anakuuliza, za jana umezifanya nini? Kana kwamba nimezivaa kwenda harusini! Namwomba mkurugenzi aje amsafishe mgonjwa mmoja tu wa kuhara kwa mikono mitupu. Akishanawa, tukae sasa tuzungumze kuhusu ubora wa huduma.'"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka, wakapiga viti, na mtunza bohari akatafuta mlango. Kisha, kichwa baada ya kichwa, watu wakageuka nyuma kumtazama Bezawit. Nani hakujua? Katika sherehe ya kumuaga mwenzao, si yeye aliyejivika funguo shingoni akamwiga mtunza bohari mpaka watu wakamwaga soda?

Mkurugenzi naye akageuka. Yeye hakuwa anacheka. Wala Sista Yeshimebet.

Bezawit alihisi damu yote imemshuka, ikajiunga na uvimbe wa miguuni.

Alimkuta Getnet nje, chini ya ngazi, akikunja nyaya za projekta aliyoitumia ukumbini.

"Mtafiti amelala, siyo? Anakoroma?"

"Bezaye, nisikilize..."

"Usiniite Bezaye! Nilikuambia yale miguu yangu ikiwa kwenye beseni! Nilikuambia kama mtu wangu. Wewe unayatia mfukoni unakuja kuyamwaga mbele ya mkurugenzi!"

"Si maneno yako. Naapa kwa jina la mama. Sikuchukua hata neno moja kwako."

"Za jana umezifanya nini! Hayo si niliyokuambia?"

"Mzee yule anawaambia watu wote hivyo!"

"Basi ni nani aliyesema? Mtaje nikamwombe radhi."

Getnet akavua miwani akaifuta, nayo haikuwa na vumbi. "Siwezi. Nilimwahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Nikisema ni nani nitakuwa nimemtaja."

"Kila mwongo ana rafiki asiyetajika," alisema Bezawit. Akatoa simu, akaifunga namba ya Getnet mbele ya macho yake, akaondoka kwa mwendo wa mtu ambaye viatu vinambana lakini hataki ijulikane.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Wenzake walimpongeza kwa minong'ono na kumkwepa hadharani. Ilisemekana mkurugenzi anataka kumhamishia zahanati ya ng'ambo ya mto, mahali ambapo hata umeme huja kama mgeni. Usiku alilala akitazama ukuta.

"Simu yako imekufa?" aliuliza Mulu.

"Iko hai."

"Basi wewe ndiye umekufa. Mfungulie mwenzio namba. Mimi mwenyewe namkumbuka, na hakuwa akiongea na mimi."

"Alinisaliti, Mulu."

"Labda. Lakini mtu akidanganya hutafuta jina la kusingizia. Huyu alikosa hata la kubuni? Msomi mzima?"

Bezawit akajifunika blanketi. Lakini neno lile lilimkaa kama chenga ya bisi kwenye jino.

Asubuhi moja, akiwa anamgeuza mgonjwa, akasikia sauti nzito nyuma yake. "Bezawit. Ofisini kwangu."

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akamwombea kwa sauti. Bezawit akaingia ofisini kwa Sista Yeshimebet akiwa ameshapanga moyoni nguo atakazobeba kwenda ng'ambo ya mto. Mlango ukafungwa nyuma yake.

"Watu wanasema ni nani aliyeyasema yale maneno?"

"Wanasema ni mimi, Sista."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimenyamaza. Nikikataa hawaamini."

"Mm." Sista Yeshimebet aliketi, kiti kikalalamika. Alivua kofia yake, jambo ambalo hakuna jicho la wodini lililowahi kuliona, akaiweka mezani taratibu. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, Sista?"

"Ni mimi niliyesema. Bikira wa kuozwa, harusi, mgonjwa wa kuhara, yote. Kijana alikuja kunihoji hapa hapa. Kanipa kiti changu mwenyewe kwa adabu, kaniuliza, 'Mama, kazi inakuchosha wapi?' Mwanangu, tangu niajiriwe hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikasahau kuwa nina cheo. Nilisema mpaka nikalia."

Bezawit alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa bila kuruhusiwa.

"Na kwa nini ukaniacha nibebe mzigo?"

"Niliogopa," alisema Sista Yeshimebet, na sauti yake nzito ikawa nyembamba. "Mwaka huu nastaafu. Nikasema, acha watacheka, watasahau. Nisamehe. Jana mkurugenzi kamwita kijana wako ofisini. Nami nilikuwapo, mhasibu pia. Akamwambia, nipe jina la muuguzi huyo, la sivyo kibali chako cha utafiti nakifuta leo. Kijana akasema, 'Daktari, jina ninalo, lakini si langu kulitoa.' Nilikuwa nimekaa karibu naye, jasho linanitiririka kutoka ndani ya kofia. Hakunitupia jicho hata mara moja! Alitazama dari kama anayehesabu buibui."

"Kisha?"

"Kisha mkurugenzi kasema, 'Basi najua. Ni yule mwenye maneno mengi wa wodi ya wanaume. Kesho nitamhamisha.' Hapo kijana akasimama. Akasema, 'Si yeye. Huyo sikumhoji kabisa, maana siwezi kumsikiliza kama mtafiti. Nampenda.'"

"Alisema hivyo? Mbele ya mkurugenzi?"

"Mbele ya mkurugenzi! Mbele ya mhasibu! Mhasibu kaangusha kalamu. Mimi nami sijui nini kilinipata, miguu ikasimama kabla yangu, nikasema, 'Daktari, ni mimi, na bado sijamaliza.'" Sista Yeshimebet alianza kutikisika. Bezawit alidhani analia, akainuka kumshika, kumbe mwanamke anacheka. Tena ana meno, yote, meupe pe. "Nikampeleka mkurugenzi wodini kwa mkono. Nikamwonyesha. Akaona. Leo asubuhi mtunza bohari kaleta maboksi ya glavu mwenyewe, uso kama amefiwa."

"Na wewe, Sista? Hawajakufukuza?"

"Nimepewa onyo kali. Nimeliweka pale." Alionyesha kwa kidevu kikapu cha takataka. "Sasa wewe unangoja nini humu ofisini? Zamu yako nitaishika mimi. Nenda."

Bezawit hakwenda moja kwa moja. Alipita nyumbani kwanza, maana mwanamke haendi kuomba radhi na viatu vya plastiki. Alivaa gauni jeupe lenye nakshi za dhahabu kifuani, akajipaka mafuta ya nywele, akavaa viatu vya kisigino ambavyo alianza kuvijutia kabla bajaji haijafika chuoni.

Darasa lilikuwa limejaa. Getnet aliandika ubaoni, mgongo umempinda, sweta limevaliwa nje ndani. Bezawit akaketi mstari wa mwisho, akanyoosha mkono.

"Nina swali, mwalimu."

Chaki ikakatika. Getnet akageuka taratibu. "Sista, kipindi hakijaisha."

"Nami swali langu halijaanza. Mtu akikutukana mbele ya watu, akakuita mwongo, nawe una jina moja tu la kukuokoa, kwa nini usilitaje?"

Wanafunzi wakaweka kalamu chini. Hilo halikuwa kwenye somo, nao hawakutaka kulikosa.

"Kwa sababu mwenye jina aliniamini," alisema Getnet. "Nikimuuza yeye ili nikupate wewe, siku moja nitakuuza na wewe ili nipate kingine."

Bezawit akateremsha mkono.

"Basi mimi ni mjinga," alisema.

"Si mjinga. Una hasira za karibu."

"Getish, usinitetee, naomba radhi! Nilikuita mwongo, nikakufungia namba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu ngazini. Tatizo ni kwamba simu ilikuwa haipokelewi, nikashindwa kukuarifu."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaanza kufuta machozi. Mvulana nyuma yake akapiga vigelegele kama mwanamke wa harusini, na darasa zima likampokea. Mwalimu alisema kipindi kimekwisha, na ni kipindi pekee mwaka huo ambacho wanafunzi walisikitika kukiona kinakwisha.

Walitoka hadi kwa muuza kahawa wa getini. Bezawit alivua viatu, akaweka nyayo zake kwenye majani mabichi yaliyotandazwa chini, akafumba macho.

"Umevaa sweta nje ndani," alisema.

"Tangu Jumatatu. Hakuna aliyeniambia."

"Wanafunzi wako wanakuogopa?"

"Wananihurumia." Akazungusha kikombe mkononi. "Bezaye, nataka kutuma wazee kwa baba yako."

"Wakafanye nini?"

"Wakaulize bei ya ng'ombe! Wakakupose, tumbo langu. Utanikubali?"

Bezawit alitia bisi mdomoni, akatafuna bila haraka. Alimtazama kijana huyu ambaye alinyamaza hadi akapoteza kila kitu, na alipokuja kusema akamwambia mkurugenzi kabla ya kumwambia mwenyewe.

"Sharti moja. Uniambie na mimi. Mhasibu amesikia, mimi bado."

Getnet akamwambia, polepole, sikioni. Muuza kahawa akajuta kuwa ameweka sufuria inayochemka kwa kelele.

"Haya, watume," alisema Bezawit, masikio yamemwiva. "Lakini si Jumamosi, niko zamu. Na uwaambie mapema: Baba atawakataa mara ya kwanza. Wasinune, ndiyo adabu ya kwetu."

"Na mara ya pili?"

"Atawapa kahawa, lakini hatajibu."

"Na mara ya tatu akikataa?"

"Hapo atakuwa amekukataa wewe."

Bezawit akamwacha ateseke kidogo, kisha akamsogezea bisi.

"Kunywa kahawa yako, usiogope. Mama nimeshamwambia kwa simu kuwa nakutaka, nikiwa kwenye bajaji, nikija. Amekubali, na kwetu Baba hana kura."